Kitambaa cha kumalizia viraka vya urithi ni kipi?

Katika sanduku la bati la marehemu nyanya, chini ya leso ambazo hazikuwahi kuvaliwa, nilikuta miraba 20 ya viraka imefungwa kwa uzi wa katani. Yote imeshonwa kwa mkono, na hakuna hata mmoja uliounganishwa na mwenzake. Mraba ulikusudiwa kuwa inchi 12 kila upande. Nilipopima, mmoja ulikuwa inchi 11 na robo, mwingine 12 na nusu. Nyanya alipima kwa kiganja.

Kuunganisha miraba kama hiyo iwe mfarishi (au blanketi ya viraka, kama tunavyoiita wengi) kunahitaji kitambaa kimoja ambacho marehemu hakukiacha. Hicho ndicho kitambaa cha kumalizia. Huingia katikati ya miraba kama mikanda, kikaizunguka kama pindo, na pengine kikafunika mgongo wa mfarishi. Watu hudhani lazima kifanane na viraka vya zamani. Hapana. Kinatakiwa kuvibeba bila kuvirarua wala kuviaibisha.

Kuviaibisha nilikujua kwa bafta. Nilinunua bafta nyeupe pe hapa Kisumu, nikaitandaza mezani, nikapanga miraba juu yake. Ghafla weupe wote wa nyanya ukaonekana mchafu, kana kwamba nguo hazijafuliwa tangu azishone. Nyeupe ya zamani si nyeupe. Miaka huigeuza ikawa kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Bafta ya leo nayo mara nyingi imetiwa dawa inayoifanya ing'ae kwa weupe wenye ubuluu. Ziweke pamoja na macho yako yatashtaki ile ya zamani, wakati mkosaji ni ile mpya.

Nikaenda kutafuta marekani. Vijana wengi hawalijui neno hili ila kama jina la nchi, na kwa kweli ndiko lilikotoka. Ni kitambaa cha pamba ambacho hakijatiwa dawa ya kukifanya cheupe, rangi yake ya krimu, na ukikiangalia kwa karibu utaona vidoa vidogo vya kahawia vya maganda ya mbegu za pamba. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta kwa wingi Zanzibar katika karne ya 19. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Said ulitiwa saini mwaka 1833. Kilipendwa hata misafara iliyokwenda bara ikakitumia kulipia vitu kama pesa. Nyanya alijifunza kushona viraka kwa akina mama wa misheni kule Kaimosi, ambako Marafiki (Wakristo wa dhehebu la Quaker) kutoka Marekani walianza kazi mwaka 1902, na nusu ya miraba yake ina marekani ndani yake. Kwa hiyo nilipoitandaza marekani mpya, viraka vilitulia.

Kama unataka mikanda ya rangi, usianze kwa kuuliza ni rangi gani. Uliza kwanza imekoza au imefifia kiasi gani. Bana macho hadi uone ukungu, au piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kitambaa kikizama ndani ya viraka kwenye picha hiyo, miraba itapoteza kingo zake. Kikitofautiana navyo kidogo, utaona kila mraba umesimama peke yake. Bluu iliyopauka ya sare ya shule katika miraba yangu ilikaa vizuri na rangi ya udongo, jambo ambalo nisingelifikiria kama ningekuwa natafuta bluu ya kufanana nayo. Bluu mpya kando ya bluu iliyochakaa hugombana nayo.

Kitenge? Nakipenda, ila si hapa. Maua yake ni makubwa kuliko mkanda wa inchi mbili, kwa hiyo ukikikata unabaki na vipande visivyo na maana vinavyopiga kelele kando ya vimaua vidogo vya gauni la zamani. Leso nayo iwekwe mgongoni. Miraba 20 ya inchi 12, ikipangwa minne kwa mitano na mikanda ya inchi mbili katikati na kuizunguka yote, hutoa mfarishi wa inchi 58 kwa 72. Doti ya leso ikiunganishwa inakaribia kuutosha, ingawa ikifuliwa itapungua na utalazimika kuongeza ukanda pembeni. Afadhali hivyo kuliko kuikata leso ukalivunja jina lake katikati.

Sasa kuhusu kurarua. Pamba ya zamani imechoka. Ukiishona na tetroni (kitambaa cha nyuzi za plastiki), siku ya kuvutana tetroni haiachii, inayochanika ni ile ya nyanya. Muuzaji akikuambia ni pamba tupu, omba kauzi ukachome nje: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, tetroni huyeyuka ikawa shanga ngumu. Mimi sasa napenda mashuka ya mitumba ya pamba, na katika soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili hayakosekani. Yameshafuliwa mara nyingi, yameshapungua, na ung'avu umeshayatoka. Kitambaa kipya lazima kifuliwe kwanza kwa maji ya moto, la sivyo kitapungua baada ya kushonwa na kuikunja miraba.

Miraba yenyewe usiifue ikiwa bado haijaunganishwa, kingo zitafumuka. Bonyeza tu kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kila chekundu na kila samawati iliyokoza. Kikitoka na rangi, jua mfarishi huo ukiloweshwa utachafua marekani yako yote.

Na ile miraba isiyolingana? Fundi mmoja alinishauri niikate yote ifikie ule mdogo. Ungekata mishono ya nyanya, na uzi wa mkono ukishakatwa hufumuka wenyewe. Nilizungushia kila mraba ukanda wa marekani, kisha nikakata marekani hiyo hadi yote ikalingana. Ule wa inchi 11 na robo una fremu pana kuliko wenzake. Ukiujua utauona, usipoujua hutauona.

Kwa mikanda ya inchi mbili peke yake, mita moja na nusu ya kitambaa chenye upana wa inchi 44 inatosha. Kwa fremu, nunua zaidi, na masalio yafue pamoja na mfarishi kila unapoufua. Ukija kuchanika baada ya miaka kumi, kiraka utakachokitia kitakuwa kimepauka pamoja nao.