Damu Huchemka Angani? Maswali ya Wanafunzi wa Mbeya

Wanafunzi wa kidato cha pili walirudi Mbeya kutoka kutazama Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, mwalimu wao akaniletea karatasi ya maswali. Karibu yote yaliuliza jambo moja: binadamu akienda kule kilikotoka kimondo, mwili unapatwa na nini?

Ni kweli damu huchemka?

Nusu kweli. Tuanzie jikoni. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage yetu yanamaliza mkaa. Unavyozidi kupanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye kilomita 19 hivi yanachemka kwa nyuzi 37, yaani joto la mwili wako. Mate, machozi na majimaji ya mapafuni huanza kutoa mapovu. Damu imebanwa na mishipa, kwa hiyo haichemki papo hapo, ila mwili huvimba. Kupasuka kama puto ni hadithi tu.

Mwaka 1966 huko Houston, Marekani, Jim LeBlanc alikuwa akijaribu suti ya anga ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Mpira ulioingiza hewa kwenye suti ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na alichokumbuka mwisho ni mate yakichemka ulimini. Hewa ilirudishwa haraka, akapona. Wanaanga watatu wa Soyuz 11, chombo cha anga cha Urusi ya Kisovieti, hawakubahatika: Juni 1971, wakirudi duniani bila kuvaa suti, vali, yaani kizibo cha kupitishia hewa, ilifunguka na hewa yote ikatoka. Wote walikufa.

Nikibana pumzi je?

Usithubutu. Hewa uliyoifungia hutanuka na kuchana mapafu.

Walio ndani ya kituo cha anga wana hewa. Wao wanaumwa nini?

Mifupa, kwanza. Mama wa Makete anayepanda kilima na ndoo ya viazi kichwani anaikumbusha mifupa yake kila hatua kwamba kazi bado ipo. Mwanaanga anaelea, miguu haibebi chochote, na mifupa ya nyonga hupungua uimara kwa asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi. Ndiyo maana hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku, wamefungwa mikanda wasielee. Majimaji ya mwili nayo hupanda kichwani: uso unavimba, miguu inakonda, wengine macho yanabadilika.

Na mionzi?

Siku moja kule humpa mtu mionzi ambayo huku chini angeipata kwa miezi. Hatari ya saratani inaongezeka.

Bibi yangu amelala kitandani miezi minne. Haya yanamhusu?

Swali bora kuliko yote. Watafiti wanaotaka kujua madhara ya angani huwalaza watu wenye afya kitandani kwa wiki kadhaa, kichwa kikiwa chini kidogo ya miguu, kwa sababu mifupa na misuli hulegea vilevile. Muulizeni daktari lini bibi aanze kukaa ukingoni mwa kitanda, kukunja miguu, kisha kusimama. Siku ya kwanza msimamishe taratibu, mtu mmoja kila upande. Huenda kizunguzungu kikamjia, kama kinavyowajia wanaanga wengi wanapotua.