Kiti cha Matangani na Kazi Ninayofanya

Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia mazishi kule Kano, karibu na Kisumu, asubuhi udongo mweusi huwa kama uji. Vijana wanapanga viti vya plastiki chini ya hema, wazee wanakaribishwa mbele, na mzee wa kwanza akishaketi tu, miguu ya nyuma ya kiti inaanza kudidimia. Anashikwa mkono, kiti kinasogezwa, anaketi tena, kinadidimia tena. Mwishowe mtu anakumbuka kuleta kipande cha ubao. Nimeliona jambo hili tangu utotoni, na siku hizi siwezi kulitazama bila kujiuliza: ni nani aliyeamua kwamba mguu wa kiti kile uwe na unyayo mwembamba kiasi kile?

Maana yupo aliyeamua, na kuamua mambo ya namna hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni msanifu wa bidhaa za viwandani. Nina karakana ndogo karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na hakuna juma linalopita bila mtu kuniuliza kama mimi ni injinia, fundi au mchoraji. Shangazi yangu huwaambia majirani kwamba nachora mashine. Hajakosea sana, ila kuchora ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi.

Neno msanifu lenyewe lina mafunzo. Tunasema msanifu majengo, yaani anayetunga jengo kwa ustadi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Tunasema pia Kiswahili sanifu, yaani kile kilichowekewa kiwango kimoja kwa wote. Kazi yangu imekaa katikati ya maana hizo mbili. Natunga umbo la kitu, kisha umbo hilo linarudiwa na mashine mara elfu kumi au laki moja, nami sipo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wa jua kali, na nasema hivi kwa heshima, kwa sababu mafundi wa Kibuye wamenifundisha mengi kuliko darasa. Fundi huamua akiwa na kitu mkononi. Ukimpelekea geti linalokwaruza sakafu, atakata, atachomelea, atalifungua na kulifunga mpaka likubali. Akikosea leo, geti la kesho litakuwa bora. Mimi sina kesho ya namna hiyo. Umbo likishachongwa kwenye kalibu ya chuma, yaani chombo cha kuumbia, na kalibu ya kiti cha plastiki hugharimu mamilioni ya shilingi, kosa langu litazaliwa upya kila kalibu inapofunguka. Litakaliwa Kisumu, Busia na Lodwar na watu ambao sitawaona kamwe.

Siku ukipata nafasi, kipindue kiti cha plastiki ukitazame kwa chini. Kimetengenezwa kwa chembechembe za polipropilini zilizoyeyushwa kwa joto la nyuzi 220 hivi, zikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, zikapoa, na baada ya dakika moja au zaidi kidogo kiti kizima kikatoka bila skrubu wala gundi. Mguu wake, ukiuangalia vizuri, haukujaa plastiki. Ni bapa jembamba lililokunjwa likawa kama kona ya ukuta. Sababu yake unaijua tayari hata kama hujawahi kuifikiria: mabati ya paa yana mawimbi kwa ajili hiyo hiyo. Bapa lililonyooka hulegea, lililokunjwa husimama. Kwa mkunjo huo mtengenezaji anapata nguvu bila kuongeza plastiki, na plastiki ndiyo pesa.

Miguu hiyo hutanuka kuelekea chini ili kiti kimoja kikae juu ya kingine kama vikombe, ndiyo maana pikapu moja hubeba viti vya msiba mzima. Matundu ya mgongoni hupunguza plastiki na kupitisha hewa. Tundu la kwenye kikalio hutoa maji ya mvua. Kila upande umeinamishwa kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, ili kiti kisigande ndani ya kalibu. Mfaransa Henry Massonnet alikitoa kiti chake, Fauteuil 300, mwaka 1972, na viti vingi vya kipande kimoja tunavyovijua leo vinafuata njia ile ile.

Sasa rudi kwenye udongo wa Kano. Mguu uliokunjwa kama kona hugusa ardhi kwa ukingo tu. Kwenye sakafu ya saruji ukingo huo unatosha, lakini kwenye udongo uliolowa unakata kama kisu. Hakuna aliyezembea. Uamuzi ule ule uliokifanya kiti kuwa chepesi, rahisi na cha kupangika ndio unaokizamisha. Kwa hiyo nikiulizwa usanifu wa viwandani ni nini, hujibu kwamba ni kupatanisha mambo ambayo kwa asili hayapatani: mwili wa mtu, malighafi, mashine, bei, gari la kubebea, na mahali ambapo kitu kitatumika. Ukimpendelea mmoja sana, mwingine atalipa.

Kama taaluma, kazi hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Wengi huianzia mwaka 1907, kampuni ya umeme ya AEG ya Ujerumani ilipomchukua Peter Behrens kuwa mshauri wake wa sanaa. Alisanifu birika za umeme, feni, taa, nembo, hata jengo la kiwanda. Lakini hata kabla ya hapo, mwaka 1859, Michael Thonet alikuwa ametoa kiti cha mbao iliyopindwa kwa mvuke, chenye vipande sita, skrubu kumi na nati mbili. Vikiwa vimefunguliwa, viti 36 viliingia kwenye kreti la mita moja ya ujazo. Mimi humheshimu Thonet kwa kreti lile kuliko kwa kiti, kwa sababu alikumbuka safari.

Mtungi wa lita 20 nao una historia yake. Jina jerikeni lilitoka kwa Waingereza, waliokuwa wakiwaita Wajerumani Jerry. Mtungi wa asili, wa chuma, ulitengenezewa jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930, nao ulikuwa na vishikio vitatu juu. Cha katikati ni cha mtu mmoja. Vya pembeni viliwezesha watu wawili kuubeba pamoja au kupokezana, na mitungi miwili mitupu ilibebwa kwa mkono mmoja. Mtungi wa manjano tunaotekea maji una kishikio kimoja tu, kwa sababu ulizaliwa kubeba mafuta ya kupikia kutoka dukani. Mtoto anayeupandisha mlimani ukiwa na kilo 20 za maji anabeba uamuzi uliofanywa kwa ajili ya kazi nyingine.

Kosa langu lililonifundisha zaidi lilihusu mahindi. Kampuni moja ndogo ya zana za kilimo iliniomba nisanifu mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi ya nyumbani. Nilisoma na kuchora, nikapima urefu wa mikono. Kuna utamaduni mzuri wa kupima miili katika taaluma yetu. Mmarekani Henry Dreyfuss alichapisha mwaka 1955 michoro ya mwanamume na mwanamke wa wastani, aliowaita Joe na Josephine, kila kiungo na kipimo chake, ili wasanifu waache kukisia. Nilifuata njia hiyo. Mashine yangu ilifungwa kwenye ukingo wa meza kwa bolti ya kukaza, mkono wa kuzungushia ukiwa kimo cha kiwiko cha mtu aliyesimama. Karakanani ilifanya kazi vizuri mno.

Nikaipeleka kwa shangazi yangu Sabatia, kaunti ya Vihiga. Aliipokea kwa furaha, akaitazama, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa hii nitaifunga wapi, mwanangu?" Nyumbani mwake mna meza moja tu, ya sebuleni, iliyotandikwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Hakuna ambaye angeifunga pale mashine yenye grisi. Na mahindi hayapukuchuliwi sebuleni. Yanapukuchuliwa uani, juu ya turubai, watu wakiwa wameketi kwenye vigoda, watoto kando, mazungumzo yakiendelea. Nilikuwa nimepima mwili wa mtu nikasahau anavyokaa.

Nilishinda naye siku mbili. Niliona kwamba anayeketi kwenye kigoda hana nguvu ya bega kama aliyesimama, kwa hiyo mkono mrefu wa kuzungushia humgonga goti, na mfupi humchosha. Niliona magunzi yanahitaji kuanguka upande mmoja na punje upande mwingine, la sivyo anayechambua hupoteza muda wote tuliouokoa. Ila tatizo kubwa lilikuwa kuituliza mashine pasipo meza. Niliweka miguu ya chuma, ikayumba. Niliongeza uzito, na shangazi akashindwa kuibeba kuirudisha ndani jioni.

Jibu lilitoka Pwani. Nikiwa Mombasa kwa shughuli nyingine kabisa, nilimwona mama akikuna nazi, ameikalia mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi haifungwi mahali popote. Ni kibao chenye chuma mbele, na uzito wa anayeikalia ndio unaoituliza. Nilisimama pale nikahisi kama mtu ameniwashia taa. Mashine ya tatu ilikuwa na ubao wa kukalia mbele ya mtambo, haina bolti hata moja ya kukaza mezani, ni nyepesi kuliko ya kwanza, na shangazi hubeba yake kwapani. Wazo hilo si langu. Aliyelitoa alifariki karne nyingi zilizopita na hakuacha jina. Sehemu yangu ilikuwa kulitambua, kupima urefu wa ubao ili watu wa maumbo tofauti waweze kuukalia, kuchagua geji ya bati ambayo mafundi wanaweza kuikunja bila mashine kubwa, na kupunguza idadi ya vipande mpaka bei ikashuka.

Jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno chembamba, lilisanifiwa kwa njia inayofanana na hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la kuta za udongo lilitoka kwenye majiko ya Thailand, umbo likabadilishwa hapa Kenya, na kazi ikawekwa mikononi mwa mafundi wa jua kali na wafinyanzi. Kichungu, yaani ule udongo wa ndani, kimewekwa nusu ya juu tu, ndipo moto ulipo, na kitako kimetanuka. Jaribu kusonga ugali wa watu wanane juu ya jiko lenye kitako chembamba utaelewa kwa nini. Nalitaja kila nikizungumza na wanafunzi, kwa sababu halihitaji kiwanda kikubwa na bado ni usanifu wa viwandani kamili: vipimo vimewekwa, kazi imegawanywa, na jiko la Nakuru linaweza kupokea kichungu kilichofinyangwa mbali.

Kuna jambo linaloniuma. Mara nyingi naitwa kazi ikiwa imekwisha. Mashine imeshabuniwa, vyuma vimeshakatwa, pesa zimeshatumika, ndipo mwenye mradi ananipigia simu: "Njoo uturembeshee." Anataka rangi na kifuniko kizuri. Wakati huo siwezi tena kumuuliza nani atakayeinama kuiwasha, au kama mkono wenye sabuni utaweza kukizungusha kile kifundo. Urembo naupenda na naujali. Kitu kizuri hutunzwa, kibaya hutupwa mapema. Lakini urembo unaokuja mwisho ni vazi tu. Tafadhali, ukiwa na wazo la bidhaa, mwite msanifu wakati bado unaliandika kwenye karatasi, na umruhusu akae siku kadhaa na watu watakaoitumia. Hizo ndizo siku za bei nafuu kuliko zote.

Wengi pia huniuliza kuhusu kulinda umbo lisiigwe. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001, umbo jipya la bidhaa husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwandani, Nairobi, kwa miaka 5, na usajili unaweza kuongezwa mara mbili, jumla miaka 15. Elewa kinacholindwa: mwonekano, yaani umbo, mistari na rangi, wala si jinsi mtambo unavyofanya kazi. Hilo la pili ni suala la hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Na kwa kuwa sheria inataka umbo liwe jipya, uliza kwanza kabla ya kulipeleka kwenye maonyesho ya kilimo au kulirusha Facebook.

Kuhusu viti, nimeshindwa kuvumilia. Tangu mwaka jana nafanya kazi na fundi wa akala wa Kibuye, yule anayekata ndara kutoka kwa matairi yaliyochakaa, kutengeneza kiatu cha mguu wa kiti: kipande cha mpira kipana kama kiganja, kinachovishwa kwa chini ili uzito usambae. Cha kwanza kilizuia kuzama vizuri, lakini viti vikakataa kupangana, kwa sababu mpira ulikuwa mnene na ulizunguka mguu mzima. Mwenye kukodisha viti alikataa papo hapo, na alikuwa na haki, maana pikapu yake ingebeba nusu ya mzigo. Cha pili kinashika ukingo wa ndani tu wa ile kona, na kinachomoka kwa mkono. Tumevipanga viti kumi na viwili na safu ikasimama wima.

Kuna harambee ya kanisa Nyahera Jumamosi, na jana usiku mvua ilinyesha. Mwenye viti amekubali kumi vivalishwe, vikae safu ya mbele wanapoketi wazee. Nitakuwa nyuma yao na futi yangu, nikipima vimezama kiasi gani.