Kupaza sauti dhidi ya ubaguzi katika tiba: maana yake

Ni pale mhudumu wa afya au mwanafunzi anapohoji baada ya kuona mgonjwa, au mwenzake kazini, anapimwa kwa rangi, jinsia, kabila au ulemavu wake badala ya hali yake. Si lazima iwe shutuma wala barua ya malalamiko. Mara nyingi ni swali moja tu, likiulizwa kabla uamuzi haujapita.

Chukua raundi ya wodini. Daktari bingwa anasema mama huyu anajidekeza, kisha anasogea kitanda kinachofuata. Mwanafunzi akimwita mbaguzi, mjadala wote unamhamia bingwa na mama anabaki na maumivu yake. Akiuliza, "Daktari, mara ya mwisho tumempa dawa ya maumivu saa ngapi?", faili linafunguliwa tena.

Tatizo ni kwamba bingwa huyohuyo ndiye anayemtolea alama. Kwa hiyo kumtwika mwanafunzi kazi hii peke yake ni kumwonea. Wa kwanza kusema awe mwenye cheo. Mgonjwa akikataa kuhudumiwa na muuguzi kwa sababu ya rangi yake, msimamizi amjibu palepale. Kumhamisha muuguzi kimyakimya (wengi huuona ndio ustaarabu) ni kukubaliana na mgonjwa.

Kuna ubaguzi usio na msemaji, uliojificha ndani ya hesabu. Nchini Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 2009 ya kukadiria utendaji wa figo kwa kipimo cha kreatinini (taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu) iliongeza jibu la mgonjwa mweusi kwa takribani asilimia 16. Kwenye karatasi figo zake zilionekana na nafuu, ilhali muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa huanza kuhesabiwa makadirio yakishuka hadi mililita 20 kwa dakika. Wanafunzi wa udaktari walikuwa miongoni mwa waliouliza: rangi inaingiaje hapa, na mtu mwenye mzazi mmoja mweusi na mwingine mweupe ahesabiweje? Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa figo nchini humo lilipendekeza kanuni isiyotazama rangi. Mwaka 2023 vituo vya upandikizaji vikatakiwa kupitia orodha zao na kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa foleni walioukosa.