Kamera Kwenye Mchele, na Imani Nyingine za Wapiga Picha

"Megapikseli nyingi ndiyo picha nzuri."

Karatasi ya A4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 2480, yaani megapikseli 8.7 tu. Kamera ya mtumba yenye 16 inatosha na chenji inabaki. Tena ukitoka 12 kwenda 24, upana wa picha hauongezeki mara mbili, unaongezeka kwa takribani asilimia 41.

"Picha za ukumbini usiku zinaharibika kwa sababu kamera ni ya zamani."

Mara nyingi lawama ni ya lenzi. Ile ya milimita 18–55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi 55, tundu lake kwa kawaida halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa za bei nafuu kabisa, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Pale ulipolazimika kupiga kwa 1/20 ya sekunde na bibi harusi anayecheza akatoka kama moshi, sasa unapiga kwa 1/200 na unamnasa.

Ila usiifungue yote kwa kila picha. Kwa f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yako, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 6 hivi kwenye kamera nyingi za wanaoanza. Bibi harusi akisogea mbele kidogo, yeye anatoka safi na bwana harusi anafifia. Wakiwa wawili, rudi nyuma hatua mbili na uweke f/4.

"Mtu mweusi sana hatoki vizuri bila flashi."

Hii ndiyo imani iliyoharibu picha nyingi kuliko zote. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinamtazama nani. Hudhani kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu, kisha hurekebisha mwanga mpaka kiwe kijivu kweli. Shela jeupe likijaa kwenye picha, kamera hupunguza mwanga: shela linaonekana kama halijafuliwa na uso unazama gizani. Buibui jeusi likijaa, kinyume chake: buibui linapauka na uso unapoteza rangi yake.

Dawa iko kwenye kitufe chenye alama ya +/−. Shela, ukuta mweupe au anga nyuma ya mtu: anza na +1. Buibui: −1. Uso mweusi ukijaa picha nzima: −0.3 hadi −0.7. Flashi ya juu ya kamera, ikimpiga mtu usoni moja kwa moja, ndiyo inayoleta ule mng'ao wa jasho kwenye paji. Msimamishe mlangoni au chini ya mwembe, uso wake ukitazama upande wenye mwanga.

Filamu za rangi za zamani kweli zilipendelea ngozi nyeupe. Maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Mwenye kamera ya kidijitali ana kitufe mkononi. Na kumng'arisha mtu ngozi kwenye programu bila yeye kuomba ni kumsahihisha mahali asipokosea.

"Kamera ikilowa, iweke kwenye mchele."

Mchele hufyonza unyevu kidogo sana, na vumbi lake huingia kwenye pete za lenzi. Toa betri na kadi, usiiwashe, ifute, iache ikauke ndani ya chombo chenye silika, zile punje za kufyonza unyevu. Yakiwa ni maji ya bahari, ifike kwa fundi siku hiyohiyo, chumvi haingoji.

Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, adui wa kila siku ni fangasi. Mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ameshaingia, na akiachwa hula tabaka la kinga la kioo. Mkoba wa ngozi hutunza unyevu, kwa hiyo usilaze kamera humo. Tumia kontena la chakula lenye mfuniko wa mpira, gramu 100 za silika, na kipimo kidogo cha unyevu kisomeke asilimia 40 hadi 50. Punje za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji. Zimimine kwenye trei, zikae kwenye oveni ya nyuzijoto 120 kwa saa mbili.

"Duma amezoea magari."

Hajazoea. Utafiti wa mtafiti wa duma Femke Broekhuis huko Maasai Mara, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta duma wa maeneo yenye watalii wengi wakikuza wastani wa watoto 0.2 kwa uzao, dhidi ya 2.3 penye watalii wachache. Kodi lenzi ndefu, umwambie dereva asisogee.

"Hapa ni hadharani, siombi ruhusa."

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi, na baa moja 1,850,000 kwa picha ya mteja. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Ruhusa ya kupigwa si ruhusa ya kurushwa mtandaoni. Kwa muuza samaki wa sokoni, kamera ikiwa bado imeshushwa: "Shikamoo mama. Naomba nikupige picha, nitaiweka Instagram." Mwonyeshe iliyotoka. Akisema futa, futa mbele yake. Kama ni simu, picha hukaa kwenye kapu la taka, kwa kawaida siku 30, basi fungua kapu uifute na humo yeye akiona.