Chembe nyeupe za damu: wingi wake si kipimo cha kinga

Wengi huamini kwamba chembe nyeupe zikiongezeka, kinga ya mwili nayo imeimarika. Naanza na dhana hii kwa sababu humfariji mtu mahali anapopaswa kuuliza maswali. Mikrolita moja (sehemu moja ya milioni ya lita) ya damu ya mtu mzima huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi, na idadi ikivuka hapo huwa ni ishara ya jambo fulani: maambukizi, dawa za steroidi, au hata mazoezi mazito muda mfupi kabla ya kupima, kwani neutrofili nyingi (aina mojawapo ya chembe nyeupe) hujibanza kwenye kuta za mishipa na mwili ukitaharuki hubanduka zikaingia katika mkondo. Katika saratani kali ya damu idadi inaweza kupita 100,000, na bado mgonjwa akaelemewa na maambukizi madogo, kwa kuwa chembe hizo zimekwama katika uchanga na haziwezi kazi.

Wapo pia wanaosema usaha ni damu chafu inayotafuta pa kutokea. Mwiba ukichoma kidole, mishipa midogo ya hapo hutanuka, ngozi ikawa nyekundu na ya moto. Neutrofili zinazopita hupunguza mwendo, hubingirika kwenye ukuta wa mshipa, kisha hujipenyeza nje na kuwameza bakteria. Nyingi hufia papo hapo, na mizoga yao, pamoja na bakteria na mabaki ya tishu, ndiyo usaha. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanabiolojia Élie Metchnikoff aliwachoma kwa miiba viluwiluwi wa kiti cha pweza, akaona chembe zimeuzunguka mwiba. Damu, basi, ni njia ya kupitia tu. Kazi kubwa hufanyika nje yake.

Wala damu haizizai chembe hizi. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, kwa mtu mzima hasa ule wa nyonga, uti wa mgongo, kidari na mbavu, kutokana na seli shina zilezile zinazozaa chembe nyekundu. Limfosaiti T, aina nyingine ya chembe nyeupe, hata hivyo, hutoka kwenye uboho zikiwa bado hazijaiva, zikaenda kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Hapo hujaribiwa mara mbili: isiyoweza kuzitambua alama za mwili wenyewe hufa, na inayozishambulia tishu za mwili kwa nguvu kwa kawaida huangamizwa. Zinazofuzu hazifiki 5 katika kila 100. Tezi hii ilidhaniwa na wanasayansi wenyewe kuwa haina kazi, hadi mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller alipoonyesha kwamba panya walioondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa walikuwa na limfosaiti chache mno, na walipopandikizwa ngozi ya panya wengine hawakuikataa.

Mwisho, si kweli kwamba virusi vya UKIMWI hushambulia chembe nyeupe zote. Shabaha yake kuu ni limfosaiti T zenye alama ya CD4, zile zinazoziamsha na kuziongoza nyingine. Ndiyo maana jumla ya chembe nyeupe inaweza kusomeka kawaida kabisa kwenye majibu, ilhali CD4 zimeshashuka.