Filta ya ndani ya tangi haikuwekwa kwa makosa

Wiki haipiti katika gereji yangu hapa Dar es Salaam bila mteja mmoja kushuka kwenye Toyota IST au Vitz yake na kunieleza, kabla sijafungua hata boneti, kwamba gari linakosa nguvu likipanda mlima na kwamba anachohitaji ni kazi moja tu: "Fundi, itoe hiyo filta ya ndani, niwekee ya nje kama ya magari ya zamani." Mara nyingi huwa ameshainunua, nayo ni kile kichupa cha plastiki angavu kinachouzwa kwa bei ya soda chache, na hunionyesha kwa fahari kwamba mafuta yakipita humo yanaonekana kwa macho. Zamani nilikuwa nikimweleza kila mmoja kwa upole. Sasa nimechoka kurudia, na nimeona niyaandike maelezo yote ili atakayefuata ayasome akiwa anasubiri zamu yake.

Dhana yenyewe ni hii: kwamba filta ya ndani ya tangi na ile ya nje ni kitu kilekile, kwamba Mjapani aliificha ndani ya tangi ili kutusumbua au kutuuzia kifaa kizima, na kwamba fundi mwerevu ni yule anayeipasua, akatoa karatasi iliyomo, akalifunga ganda lake kwa gundi, kisha akakata bomba chini ya gari na kuchomeka kichupa kipya. Kazi hiyo huchukua saa moja, gari huwaka, mteja hufurahi. Ndiyo maana dhana hii haifi.

Ili kuona kosa liko wapi, tufuate safari ya mafuta katika gari kama IST yenye injini ya 2NZ au 1NZ. Petroli huvutwa kupitia soksi, yaani kile kifuko cha wavu kilicho chini kabisa, hupita ndani ya pampu yenyewe, husukumwa kupitia filta ya karatasi, kisha hufika kwenye regulata, yaani kidhibiti cha presha, ambayo nayo imo ndani ya tangi. Regulata huacha presha ya kilopaskali 304 hadi 343 iende mbele kwenye nozeli zinazopulizia mafuta injini, na mafuta yote yaliyozidi huyamwaga humohumo tangini. Hakuna bomba la kurudisha mafuta kutoka kwenye injini, tofauti na magari ya miaka ya 1990 ambayo wengi wetu tulijifunzia kazi, ambayo regulata yake ilikuwa mbele, kwenye reli ya nozeli, na ziada ilirudi nyuma kwa bomba lake. Watengenezaji waliuacha mpango huo wa zamani kwa sababu mafuta yaliyozunguka kwenye joto la injini yalirudi yakalipasha moto tangi na kuongeza mvuke, na kwa sababu kila kiungo kinachopunguzwa chini ya gari ni mahali pamoja pungufu pa kuvuja.

Angalia mpangilio huo vizuri, maana kila kitu kimo humo. Filta iko kabla ya regulata. Filta inapoanza kuziba, regulata hupunguza tu mafuta inayoyamwaga, na presha inayokwenda kwenye nozeli hubaki ileile kwa muda mrefu sana, mpaka uzibaji uzidi kiasi. Sasa hamisha filta uiweke chini ya gari, yaani baada ya regulata. Kichupa chako kikianza kuziba, regulata haijui lolote, kwa kuwa yenyewe inapima presha ya nyuma ya kizuizi. Itaendelea kuona kilopaskali zake 324 na kumwaga ziada tangini kwa amani, huku nozeli zikipata 250, kisha 200. Mafuta yanayopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo presha ikishuka kutoka 324 hadi 200 injini inapungukiwa na karibu asilimia 21 ya mafuta katika kila mpuliziko. Kompyuta ya injini hujaribu kufidia kwa kuziacha nozeli wazi muda mrefu zaidi, na hufaulu kwa siku kadhaa, ndiyo maana mteja huapa kwamba "gari lilikuwa zima kabisa baada ya ile kazi". Ikifika mwisho wa uwezo wake huwasha taa na kuandika kosa la P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa, mteja hupelekwa kubadilisha sensa ya oksijeni, halafu plagi, halafu koili, na siku ya mwisho huletwa kwangu akiwa ametumia fedha ambazo zingemnunulia filta halisi ya ndani na chenji ikabaki.

Hasara ya pili huwa haisemwi kabisa. Ukitoa karatasi ndani ya ganda la filta, mafuta yanayofika kwenye regulata ni yale yaliyopita soksi peke yake, na soksi ni wavu wa kuzuia mchanga na kutu kubwa, haikukusudiwa kuzuia vumbi laini. Chembe moja ikikaa kwenye kiti cha vali ya regulata, presha haishikiki tena gari linapozimwa. Katika magari haya presha inapaswa kubaki angalau kilopaskali 147 dakika tano baada ya kuzima injini. Iliyochafuliwa hushuka hadi sifuri kabla hujafika mlangoni kwako, na asubuhi unazungusha stata mpaka betri inalalamika. Mteja anayekuja na malalamiko ya gari kuwaka kwa shida asubuhi huwa namuuliza kwanza swali moja, kama tangi limewahi kufunguliwa, na mara nyingi jibu huanza kwa kuguna.

Nasita kuitaja hasara ya tatu kwa sababu watu hudhani nawatisha. Kile kichupa angavu kilitengenezwa kwa ajili ya kabureta, ambayo pampu yake hutoa presha isiyofikia hata nusu ya baa moja (baa moja ni kilopaskali 100). Wewe unakitia zaidi ya baa tatu, kwa mpira uliokatwa kwenye roli la mpira wa kawaida, ukabanwa kwa klipu ya skurubu ambayo inauchana mpira kila inapokazwa. Niliwahi kupokea Vitz iliyovutwa kwa kamba ambayo kichupa chake kilikuwa kimepasuka ubavuni, na petroli ilikuwa imelowesha bodi ya chini hadi karibu na bomba la moshi. Mwenye gari alikuwa na watoto wawili kiti cha nyuma. Alinieleza kwamba harufu aliisikia tangu juzi yake, ila aliambiwa ni kawaida mpaka "filta izoee".

Wapo wanaonijibu kwamba mafuta yetu yanachakachuliwa, na kwa hiyo filta ya nje ni lazima kwa kuwa hubadilishwa kirahisi. Hoja hii ina sura ya busara lakini haina mwili. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli yameyeyukiana nayo. Hakuna karatasi duniani itakayoyakamata, na ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, ilipotaka kupambana na uchakachuaji mwaka 2010 iliweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta ili yapimwe kwa mashine, haikuwaambia wananchi wafunge filta ya pili. Maji nayo filta ya petroli haiyatengi kama ile ya dizeli yenye kikombe cha chini. Kinachokamatwa ni uchafu mgumu tu, na huo kifaa cha ndani kinaukamata vizuri sana kikiwa kizima.

Je, hakuna wakati ambapo marekebisho yanakubalika? Upo, na sitaki nionekane mtu wa kukataa kila kitu. Filta halisi inapokosekana kabisa sokoni, unaweza kuhamishia nje filta pamoja na regulata, si filta peke yake: filta ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya nozeli, regulata baada yake, na bomba la kurudisha ziada hadi tangini, huku ile regulata ya zamani ikizibwa kwa kizibo cha uhakika. Kuna filta za Kimarekani zilizounganishwa na regulata ndani ya kopo moja, maarufu kwa kutumika kwenye Chevrolet Corvette ya kuanzia 1999, na mafundi wengi huzisifu. Lakini hizo zimewekwa kwenye psi 58, yaani takriban kilopaskali 400, na ukiifunga kwenye Toyota ya 324 unaipa kila nozeli asilimia 11 ya mafuta zaidi ya ilivyopangiwa. Kwa hiyo angalia presha kabla ya kuangalia bei. Na ndani ya tangi, mpira wa kuunganisha pampu lazima uwe ule unaoruhusiwa kuzama, wenye maandishi ya SAE J30R10. Mpira wa R9 ni mzuri sana nje ya tangi, lakini ganda lake la juu halikutengenezwa kuogelea kwenye petroli. Huvimba, hulainika, kisha hupasuka, na gari huanza kukosa presha bila tone moja kuonekana chini. Waya pia ni hivyohivyo: ukisokota kiungo na kukizungushia tepu ya umeme ndani ya tangi, gundi ya tepu itayeyuka na kuziba soksi uliyoinunua asubuhi ileile.

Baada ya kueleza yote hayo, ushauri wangu kwa tisa kati ya kila wateja kumi ni uleule: nunua filta ya ndani inayolingana na namba ya chesisi, badilisha oringi zote mbili za regulata na ile pete kubwa ya mfuniko wa tangi, na usikubali pete ya zamani irudishwe kwa sababu "bado inaonekana nzima". Pete ya zamani imeshavimba kwa mafuta; haiingii kwenye mfereji wake, hubanwa kando, na harufu ya petroli utaisikia kila ukijaza tangi.

Dhana nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa haziniudhi kwa kiwango hicho.

Kuhusu pampu kubwa inayoongeza nguvu, hesabu yenyewe inatosha. Injini ya 1NZ inayotoa kilowati 80 kwa nguvu zake zote hutumia takriban lita 32 za petroli kwa saa, na pampu yake halisi hupeleka zaidi ya hapo ikiwa nzima. Pampu ya magari ya mashindano ya lita 255 kwa saa haitapeleka nguvu popote. Itailazimisha regulata ndogo kumwaga mafuta mengi kuliko tundu lake linavyoweza, presha itapanda, mafuta yatapashwa joto kwa kuzunguka bure, na waya mwembamba wa gari utabeba umeme ambao haukupangiwa.

Wale wanaoogopa kwamba pampu ya umeme ndani ya petroli italipua tangi wanasahau kwamba petroli huwaka pale tu mvuke wake ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, na ndani ya tangi lililofungwa mvuke kwa kawaida umezidi kiwango hicho kwa mbali. Hatari huja tangi linapofunguliwa na hewa ikaingia, kwa hiyo huwa nachomoa soketi ya pampu, nawasha injini hadi ife yenyewe, natoa waya hasi wa betri, na simfukuzi mtu yeyote kazini kwangu isipokuwa anayenimulikia tangi kwa taa ya waya iliyochubuka.

Kuendesha kwa mafuta kidogo kweli kunaichosha pampu, lakini si kwa sababu "inavuta uchafu wa chini". Soksi iko chini siku zote, tangi likiwa tele au likiwa robo. Sababu ni kwamba petroli ndiyo inayoipooza na kuilainisha pampu, na kwenye kona kali za mlima Kitonga kule Iringa yale mafuta machache hukimbilia upande mmoja, ikameza hewa.

La mwisho ni la wale wanaofungua swichi, wakatega sikio kiti cha nyuma, wasisikie mvumo, na kuja na pampu mpya mkononi. Katika Toyota nyingi za aina hii pampu haizunguki kwa kufungua swichi tu; kompyuta huiruhusu ikipata ishara ya stata, kisha ishara ya mzunguko wa injini. Kwa hiyo mtu mmoja azungushe stata, mwingine atege sikio, na ukimya ukiendelea anza na fyuzi, rilei, na voliti kwenye soketi iliyo chini ya kiti cha nyuma kabla hujalegeza nati hata moja ya mfuniko wa tangi.