Je, wajua? Kodi ya mapato iliwahi kupunguzwa nusu na makusanyo yakabaki karibu yale yale

Kwa miaka mingi niliamini watu huikimbia kodi ya mapato kwa sababu moja tu: kutoa pesa kunauma. Kumbe hiyo ni nusu ya habari. Waingereza waliotozwa kodi hii mwanzoni walilia na kiwango, ndiyo, lakini kilichowachoma zaidi ni kuulizwa, "Una kiasi gani?" Forodha na kodi ya madirisha walizizoea, mtoza kodi aliweza kuyahesabu madirisha yako akiwa barabarani. Mapato hayaonekani kutoka barabarani. Lazima useme mwenyewe, na ukisema, mtu fulani atajua.

Aliyeileta ni Waziri Mkuu William Pitt, mwaka 1799, ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa. Waliozidi pauni 200 kwa mwaka walitozwa asilimia 10. Alitarajia pauni milioni 10, akapata kama milioni 6. Ilifutwa mwaka 1802, vita vikarudi, na mwaka 1803 mrithi wake, Henry Addington, akairudisha kwa asilimia 5. Nusu! Na bado hazina ilipata karibu kiasi kile kile.

Fikiria mfereji unaonywesha mashamba ishirini, nawe unadai ndoo moja kwa kila shamba. Ukipita shamba kwa shamba, kila mkulima atakuapia kwamba kwake maji hayakufika. Ukikaa pale mfereji unapoanzia, unachota kabla maji hayajagawanyika, na hakuna wa kumuuliza. Ndivyo alivyofanya Addington. Mpangaji alilipa kodi ya serikali kwanza, kisha akaikata kwenye pango la mwenye nyumba. Kwa nini adanganye? Pesa anayoikata si yake.

Pia aliyagawa mapato katika majedwali matano, A hadi E: ardhi na majengo, kilimo, riba ambayo serikali huwalipa walioikopesha, biashara na taaluma, vyeo na pensheni. Mwenye vyote hivyo hakulazimika kumfunulia afisa mmoja utajiri wake wote. Aibu ya kuulizwa ikapungua pamoja na mwanya wa kudanganya.

Tusimpe Addington sifa zote. Idadi ya watu na biashara navyo vilikuwa vinakua. Tena kwenye jedwali D, la wafanyabiashara, hakukuwa na mfereji wa kukaa mwanzoni mwake: mtu alijitajia faida mwenyewe, na ukwepaji ukabaki palepale.

Chuki haikuisha. Mwaka 1816, baada ya Waterloo, pigano lililomaliza vita na Ufaransa, Bunge liliifuta kodi hiyo na kuamuru kumbukumbu zake ziharibiwe. Nakala, hata hivyo, zilikuwa zimeshapelekwa kwenye ofisi nyingine ya hazina, na zikasalimika. Waziri Mkuu Robert Peel aliirejesha mwaka 1842, akaahidi ni ya miaka mitatu tu. Hadi leo, kisheria, kodi ya mapato ya Uingereza ni ya muda: hukoma kila tarehe 5 Aprili, na Bunge huihuisha upya.